Jenerali Lettow na Kikombe cha Magome

Askari yeyote aliyepata kupangiwa kazi Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, anaifahamu ile barabara ya ufukoni mwa Ziwa Kivu, yenye miti mirefu kando yake na mahoteli yaliyoyaelekea maji. Jioni, jua linapozama upande wa Kongo, wageni huketi barazani wakaagiza jini na toniki: pombe kali nyeupe, maji yenye gesi, kipande cha ndimu na barafu. Inafaa tuseme mapema kwamba jini tunayoitaja hapa ni kileo, wala si yule pepo wa hadithi aliyefungiwa katika chupa, ingawa wapo waliowahi kukutana nao wote wawili katika usiku mmoja. Uchungu unaobaki ulimini mwa mnywaji si wa pombe. Ni wa kwinini, dawa ya malaria. Kinywaji hicho kinachohesabiwa leo kuwa cha starehe kilitoka katika sanduku la daktari wa jeshi, na katika nchi zetu hizi kilipata kuwa na ndugu yake mmoja, mchungu kupita kiasi, aliyepewa jina la jenerali. Jenerali huyo ni Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye vita vyake vilifika hapa hapa Gisenyi. Tumeona vema leo tuyasimulie maisha yake kwa kukifuata kikombe hicho.

Jini asili yake ni Uholanzi, ambako pombe ya nafaka ilitiwa vitunda vya mti uitwao mreteni ikauzwa kwanza kama dawa. Yasimuliwa kwamba askari wa Kiingereza waliopigana vita katika nchi hiyo waliionja huko kabla ya mapambano, wakarudi nayo kwao. Kufikia karne ya 18 ilikuwa balaa katika mitaa ya maskini ya London, hata Bunge la Uingereza likalazimika kutunga sheria moja baada ya nyingine za kuidhibiti, mojawapo ikiwa ni ile ya mwaka 1751. Wenzetu wa polisi hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya balaa la namna hiyo, maana wao ndio wanaoimwaga kanyanga kila inapokamatwa mipakani. Kanyanga nayo ni ya ukoo wa waragi ya Uganda, ambako serikali ilitunga sheria mwaka 1965 ya kuwataka wakenekaji wote wawe na leseni, na pombe yao ikasafishwa kiwandani na kutiwa chupani ikiwa jini kamili.

Mabaharia na askari ndio walioichanganya jini na dawa zao. Dokta Johann Siegert, mganga wa kijeshi kutoka Prussia aliyekwenda Venezuela kulitumikia jeshi la Simón Bolívar, alitengeneza mwaka 1824 dawa chungu ya tumbo katika mji wa Angostura. Maofisa wa majini wa Kiingereza wakaitia matone machache katika jini yao, ikageuka rangi ya waridi, na kokteli ikazaliwa. Vivyo hivyo maji ya ndimu, ambayo mabaharia walipewa ili wasipatwe na kiseyeye, yaliingia katika jini yakatoa ile iitwayo gimlet. Na huko India, Waingereza waliokuwa wakinywa kwinini kila siku kwa ajili ya homa walitafuta namna ya kuupunguza uchungu wake kwa maji, sukari, ndimu, na hatimaye jini. Mwaka 1858 Mwingereza mmoja aitwaye Erasmus Bond alipewa hataza ya maji ya toniki yenye gesi, na kampuni ya Schweppes ikaanza kuuza ya kwake mwaka 1870.

Kwinini yenyewe hutolewa katika magome ya mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Wataalamu wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa hiyo kutoka katika gome mwaka 1820. Mataifa ya Ulaya yakaanza kuiwinda mbegu yake. Mwaka 1865 mfanyabiashara Charles Ledger aliwauzia Waholanzi mbegu bora kupita zote, alizokusanyiwa na mtumishi wake wa Kibolivia, Manuel Incra Mamani, ambaye baadaye alikamatwa, akapigwa, akafa kwa ajili ya mbegu hizo. Waholanzi walizipanda katika kisiwa cha Java, na ilipofika mwaka 1914 sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilitoka huko. Kwa hiyo aliyefungiwa njia ya bahari alikuwa amefungiwa kwinini.

Lettow ndiye aliyefungiwa.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, wa ukoo wa makabaila wa Pomerania, mwana wa ofisa wa jeshi. Angali mtoto alitiwa katika shule ya makadeti, kwanza Potsdam, kisha Lichterfelde karibu na Berlin. Sisi tuliopitia shule ya makadeti tukiwa watu wazima hatuwezi kudai kwamba tunajua hali ya mtoto aliyeamshwa kwa tarumbeta tangu utotoni, lakini tunakisia kwamba mambo mengi ya maisha yake yanaelezeka kwa hilo. Alikuwa mkavu, mwenye kujinyima, mpanda baiskeli na mtembeaji hodari, asiyemwonea huruma mtu yeyote, naye mwenyewe akiwamo.

Mwaka 1900 alipelekwa China katika jeshi la kuzima uasi. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, akatumika katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha. Hapo hatuna budi kusimama. Von Trotha ndiye aliyewasukuma Waherero, wanaume kwa wanawake na watoto, mpaka jangwa la Omaheke, akawafungia visima. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari, neno ambalo sisi Wanyarwanda hatulitamki kwa wepesi. Lettow alikuwa ofisa katika jeshi lile. Mnamo 1906 alijeruhiwa jichoni, na jicho lake la kushoto halikuona tena vema. Wasifu nyingi zilizoandikwa Ulaya hulipita jambo hilo kwa haraka ili zifike Tanga. Sisi tumeona aibu kulipita.

Januari 1914 alishuka Dar es Salaam akiwa Luteni Kanali na mkuu wa jeshi la ulinzi la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Koloni hilo lilikuwa na Tanganyika, Rwanda na Burundi. Jeshi lake lilikuwa na kombania 14 tu, askari wa Kiafrika wapatao 2,500, pamoja na maofisa wa Kizungu mia mbili na zaidi kidogo. Agosti mwaka huo vita vya dunia vikaanza, na manowari za Kiingereza zikaifunga pwani. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya vita. Lettow hakukubaliana naye. Yeye alikata shauri kwamba koloni haliwezi kuokolewa kwa silaha, bali linaweza kutumika kuwavuta maadui wengi kadiri iwezekanavyo, ili askari wale wasipelekwe Ulaya. Mpango wake wote umo katika hesabu hiyo. Nchi na watu waliokuwa juu yake hawakuhesabiwa.

Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi la India lipatalo askari 8,000 kuuteka mji wa Tanga. Lettow alikuwa na askari wapatao elfu moja. Aliukagua mji usiku kwa baiskeli, akawapanga watu wake, na baada ya siku tatu Waingereza walirudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800, wakaacha bombomu 16 na risasi laki sita. Nyuki waliosumbuliwa na risasi nao waliingia vitani wakawauma askari wa pande zote, ingawa Waingereza ndio waliolalamika zaidi. Tangu siku hiyo jina la Lettow likajulikana.

Kwa upande wetu, vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Kapteni Max Wintgens, aliyekuwa Mkazi wa Kijerumani Rwanda, alivuka maji Septemba 1914 akakiteka kisiwa cha Ijwi. Kisha akajenga mahandaki hapa Gisenyi na juu ya mto Sebeya, akawazuia Wabelgiji wa upande wa Goma kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na kombania chache za askari, rugaruga, na wapiganaji wa Mfalme Yuhi Musinga waliofundishwa bunduki. Amri zilitoka kwa Lettow, ambaye alikuwa mbali sana upande wa Kilimanjaro na reli ya Usambara. Barua kutoka makao yake hadi Kivu ilikwenda kwa reli, kwa meli na kwa miguu ya tarishi, hivyo kwa kweli Wintgens alijiongoza. Lettow alimsifu katika kitabu chake cha kumbukumbu, na mwanajeshi akiyasoma mapambano ya Sebeya atakubali kwamba sifa hizo zilistahili: mahali pembamba kati ya ziwa na milima ya volkano palitumiwa kwa ustadi.

Watu wa Bugoyi, walioishi juu ya uwanja huo wa mapambano, hawakutajwa kwa sifa. Ng'ombe wao, maharage yao na vijana wao walichukuliwa na jeshi lililokuwa mbele yao, halafu na jeshi lililokuwa nyuma yao. Aprili 1916 Jenerali Tombeur wa Ubelgiji alianza kushambulia kwa brigedi mbili. Tarehe 6 Mei Kigali ikachukuliwa, na mwezi huo huo Wintgens akaiacha Gisenyi asije akazungukwa. Wabelgiji nao wakahitaji chakula na wapagazi wa kwenda Tabora. Ndipo ikaja njaa inayojulikana kwa jina la Rumanura, iliyodumu mpaka 1918, na iliyoua watu wengi mno katika sehemu hizi za kaskazini magharibi. Wazee walihesabu miaka yao kwa njaa hiyo.

Turudi sasa kwenye kikombe. Katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Amani, Wajerumani walikuwa wamejenga tangu mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea, na miongoni mwa miti waliyoijaribu ulikuwamo mkwinini. Vita vilipoanza mabwana wa Amani waliacha utafiti wakageuka wenye kiwanda. Walitengeneza sabuni, dawa ya meno, chokoleti, mafuta ya mbarika, na pombe kali za aina mbalimbali, ambazo hesabu yake katika mwaka na nusu wa kwanza ilitajwa kuwa chupa 15,200. Jeshi lililofungiwa bahari lilikuwa na kileo cha kutosha kwa maofisa wake. Juu ya yote hayo walisaga magome ya mkwinini wakatoa vidonge vya kwinini, na kwa vidonge hivyo jeshi la Lettow liliweza kusimama.

Katikati ya mwaka 1916 Jenerali Smuts alishuka kutoka Kenya na jeshi kubwa la Afrika Kusini, India na Uingereza, na Usambara ikatekwa, Amani ikiwamo. Lettow alirudi nyuma kuelekea reli ya kati, halafu Rufiji, akiwa na magunia ya magome bila mashine za kuyasagia. Waganga wake wakarejea kwenye njia iliyotumika kabla ya Pelletier na Caventou. Waliyachemsha magome katika sufuria kubwa, wakayachuja, na maji yale mekundu ya kahawia wakayatia katika chupa. Uchungu wake ulikuwa wa kutisha. Wagonjwa waliokabidhiwa kikombe hicho walikipa jina la mzaha wakakiita schnaps ya Lettow, yaani pombe ya Lettow, ingawa sifa yake kubwa ilikuwa ni kukunja uso. Hakikuwa na jini, wala ndimu, wala sukari, wala barafu. Lakini ukikiweka kando ya bilauri ya mgeni barazani Gisenyi utaona kwamba wote wawili wanakunywa gome lile lile, isipokuwa mmoja ana hiari.

Smuts alikuwa na kwinini ya kutosha kutoka ng'ambo, lakini hakuwa na barabara za kuifikisha mbele kwa wakati. Makaburu na vijana wa Afrika Kusini waliotoka nyanda za baridi waliteketea kwa homa katika mabonde ya Pangani, Morogoro na Rufiji. Kikosi kimoja cha miguu kilichoanza na watu zaidi ya elfu moja mwezi Februari 1916 kilibaki Oktoba na watu wazima kidogo zaidi ya mia moja, bila ya kupigana sana. Mwishoni mwa mwaka huo askari wapatao 12,000 wa Afrika Kusini walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa. Kwa hiyo mbu aliwaua na kuwaondoa maadui wa Lettow wengi kuliko bombomu zake, na wanaomsifu kwa kuwashinda majenerali inawapasa wamgawie mbu sehemu ya nishani.

Lakini kikombe hicho hakikuzungushwa sawa. Madaktari wa siku zile waliamini kwamba Mwafrika ana kinga yake, na kwinini ilihesabiwa kwanza kwa Wazungu. Askari na wapagazi waliotoka katika nchi za baridi, mathalani vijana waliotelemka na Wintgens kutoka Rwanda hadi Tabora na kusini yake, hawakuwa na kinga hiyo. Homa ya bondeni ilikuwa mgeni kwao kama ilivyokuwa kwa Mzungu. Katika jeshi la Kiingereza hali haikuwa bora. Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria wa siku hizi hutaja zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Upande wa Lettow hakuna aliyeandika daftari la wapagazi. Walichukuliwa vijijini, wakabebeshwa mizigo, na wengine walifungwa kamba usiku wasitoroke. Walipoanguka mizigo yao ilipewa wengine.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ya Lettow ulitokana na kwinini. Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, karibu na Lindi, kwa muda wa siku nne. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, naye akapoteza mamia ambao hakuwa na namna ya kuwarudisha. Alishinda, na ushindi huo ukamwacha bila risasi. Alipoketi kufanya hesabu aliona kwamba kwinini iliyobaki ingewatosha Wazungu wake kwa mwezi mmoja tu. Ofisa mwingine angeuliza apate wapi kwinini zaidi. Yeye aligeuza swali, akauliza awe na watu wangapi ili kwinini itoshe. Mwezi wa Novemba akawaacha nyuma wagonjwa na majeruhi mamia, Wazungu kwa Waafrika, waanguke mikononi mwa Waingereza, na tarehe 25 Novemba akauvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji akiwa na Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi elfu kadhaa pamoja na wanawake na watoto wao. Siku hiyo hiyo aliiteka ngome ya Wareno ya Ngomano, akapata bunduki, risasi na dawa. Kuanzia hapo aliishi kwa ghala za maadui zake. Kwa elimu ya kivita hatuwezi kumnyima haki yake: ni makamanda wachache wanaothubutu kulipunguza jeshi lao wenyewe kwa kalamu ili lipate kuishi.

Mwaka mzima wa 1918 alizunguka Msumbiji, akarudi Tanganyika Septemba, akapita Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Alipata malaria zaidi ya mara moja, na funza miguuni, akaendelea kutembea. Tarehe 13 Novemba watu wake waliingia Kasama, na ndipo habari zilipomfikia kwamba Ujerumani imekwisha kuomba amani siku mbili kabla. Tarehe 25 Novemba 1918 alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, akiwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wafuasi elfu kadhaa. Askari wake walipelekwa kambini Tabora. Huko ugonjwa wa mafua ulioenea duniani mwaka huo ukawakuta, na wengi waliopona risasi na homa ya mbu wakafa kwa mafua. Ujira wao wa vita walipewa kwa hati, maana jenerali hakuwa na fedha.

Naye alirudi Ujerumani akiwa Jenerali Meja, na Machi 1919 alipita na mabaki ya maofisa wake katika Lango la Brandenburg, Berlin, akishangiliwa kama mtu asiyeshindwa. Utukufu huo haukumfundisha siasa. Mwaka 1920 aliunga mkono maasi ya Kapp dhidi ya serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Aliketi katika Bunge kwa chama cha wahafidhina tangu 1928 hadi 1930. Katika vita vya pili vya dunia wanawe wawili, Rüdiger na Arnd, waliuawa, na nyumba yake mjini Bremen ikabomolewa kwa mabomu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi Dar es Salaam, na askari wazee wakaja kumlaki. Tumewahi kusikia watu wakiichukulia safari ile kuwa ushahidi kwamba alipendwa na Waafrika wote. Walioimba bandarini walikuwa askari wake. Waliobeba mizigo yake hawakualikwa.

Mkwinini wenyewe uliendelea kuenea. Wabelgiji waliupanda katika milima ya Kivu, ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kutoka Gisenyi, na mjini Bukavu kikajengwa kiwanda cha Pharmakina cha kutoa kwinini, ambayo imeuzwa ulimwenguni kwa dawa na kwa vinywaji. Toniki ya leo lakini si ile ya India ya zamani. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja, ilhali mgonjwa wa malaria aliyetibiwa kwa kwinini alipewa kiasi cha miligramu 1,800 kwa siku. Ofisa anayedhani kwamba bilauri yake ya jioni inamlinda na mbu itambidi anywe lita zaidi ya ishirini kila siku, na hapo sidhani kama mkuu wake atamsikiliza.

Lettow alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa amebakiza siku chache atimize miaka 94, akazikwa Pronstorf. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliwaleta kwa ndege wazee wawili waliokuwa askari wake wahudhurie mazishi, na hotuba ilitolewa na Waziri wa Ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Usambara, si mbali sana na Amani. Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani lilipitisha fedha za kuwalipa askari waliokuwa hai ujira waliodai tangu 1918. Yasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na ni wachache tu waliokuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Mwenye kulipa alishindwa kujua nani mkweli, basi akamkabidhi kila mzee ufagio badala ya bunduki, akaamrisha kwa Kijerumani miendo ya silaha. Hakuna mzee hata mmoja aliyekosea.

Fedha zile zilikuwa za askari. Wapagazi hawakuwamo katika orodha, kwa kuwa hapakuwa na orodha yao, na wala hakuna amri ya gwaride ambayo mtu wa mizigo angeweza kupimwa kwayo.